Historia ya Pangani mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu tumewaandikia watu wa Pangani popote walipo: aliyezaliwa mjini, aliyeolewa Bweni, ambaye babu yake aliletwa Kikogwe kukata mkonge, na jamaa zetu walioko Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Maskati. Tunakusanya picha, sauti na hati za mji huu na kuziweka mtandaoni zisomwe bure. Maswali haya tunakutana nayo barazani, sokoni na tukisubiri pantoni.

Historia ya Pangani si imeshaandikwa vitabuni? Ninyi mnaongeza nini?

Imeandikwa, na tunaisoma. Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza, walipita hapa mapema mwaka 1857. Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipojitwalia utawala wa pwani, mwakilishi wake hapa, Emil von Zelewski, alishikilia kwamba bendera ya kampuni lazima ipandishwe. Mji ukachafuka, vita vikaenea pwani, na kiongozi wake, Abushiri bin Salim al-Harthi, akaja kunyongwa hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Miaka michache baadaye, upande wa pili wa mto, ndipo ulipoanza mkonge wa nchi hii: Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe mwaka 1893.

Sasa jiulize, hiyo miche 62 ilimwagiliwa na nani? Nani alifyeka pori, nani alichimba mashimo? Jina la Hindorf limo katika kila kitabu cha mkonge. Ya wale walioshika jembe hayamo. Kwa kizazi cha 1893 huenda tumeshachelewa. Lakini watoto wa manamba, yaani vibarua wa mkataba, walioletwa baada ya SILABU kuundwa mwaka 1944, ile ofisi iliyowatafutia wenye mashamba vibarua kutoka mikoa ya mbali, tunaishi nao. Wanajua baba zao walitoka kijiji gani, walilala kambi gani, nani alikufa na akazikwa wapi. Mambo hayo hayamo vitabuni, na mtu wa nje hawezi kuja kutuandikia. Hiyo ndiyo kazi yetu.

Mnapokea vitu gani?

Picha, barua, daftari za duka, vyeti vya shule, kadi za TANU, stakabadhi za kodi, mialiko ya harusi, kanda za kaseti za maulidi na taarabu, ramani zilizochorwa kwa mkono. Ukipata kipande cha mkonge, yaani ile kadi ya kazi yenye nafasi za siku 30, tafadhali tuambie kabla hujakiweka popote. Kadi ile ilikuwa ikijazwa siku kwa siku, na mtu alilipwa ikishajaa, kwa hiyo moja tu inaweza kuonyesha mtu alifanya kazi siku zipi na alikaa muda gani kabla ya kupata mshahara wake.

Nakala tunaipiga mbele yako na kitu chenyewe unarudi nacho nyumbani. Hatubaki na kitu halisi cha mtu hata akituomba.

Mimi nina picha za harusi tu. Hizo nazo ni historia?

Ndiyo, na mara nyingi zina faida kuliko picha za viongozi. Nyuma ya bibi harusi kuna ukuta wa nyumba ambayo leo imeanguka. Kuna mlango wa nakshi ambao umeshauzwa. Kuna kanga ambayo jina lake linasomeka, kuna redio juu ya kabati, kuna mtoto amesimama pembeni ambaye leo ni babu wa watu. Mpiga picha hakukusudia kupiga hayo, na ndiyo maana hayakupangwa wala kupambwa.

Picha ya zamani niipigeje? Lazima niwe na skana?

Skana ni bora. Ukiipata, hata ya steshenari, iweke dpi 600 kwa picha ndogo, hifadhi faili la TIFF kama ndilo la asili, kisha toa nakala ya JPEG ya kutuma. Na nyuma ya picha uipige pia. Huko ndiko kwenye muhuri wa studio, tarehe, na maneno kama "kwa ukumbusho wa dada yangu mpenzi", na watu wengi husahau kabisa kugeuza.

Kama una simu tu, fanya hivi. Futa kioo cha kamera. Weka picha juu ya meza karibu na dirisha au mlango, mahali penye mwanga wa kivulini, jua lisiipige moja kwa moja. Zima flashi, kwa sababu itaacha doa jeupe katikati. Simu iwe sambamba na picha, isilale upande. Kama picha imo ndani ya fremu na imegandana na kioo, usiibandue. Ipige ikiwa humo humo, ukikaa kidogo upande ili usijione kwenye kioo.

Ukitutumia kwa WhatsApp, itume kama hati, siyo kama picha. Ukituma kama picha, programu inaibana na kupunguza ubora, na sura za watu waliosimama nyuma zinapotea.

Mbona mnasumbua sana na majina? Si mwiweke tu picha watu waone?

Hapa tunaomba utuvumilie, maana ndiyo shina la kazi yote. Chuo Kikuu cha Frankfurt kinatunza mkusanyo wa picha wa iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani, picha zaidi ya 50,000, na yeyote anaweza kuzitazama mtandaoni. Katika mikusanyo ya namna hiyo utaona ofisa ameandikwa jina na cheo, na watu weusi waliosimama kando yake wameandikwa "wapagazi", "mwanamke wa pwani", "boi". Walikuwa na mama zao, na majina waliyopewa siku ya saba. Aliyeandika maelezo hakuuliza.

Tukiweka picha ya mtaa wetu bila kuuliza ni nani na nani, tutakuwa tumefanya kosa lile lile kwa watu wetu wenyewe, tena wakati wenye kujua bado wako hai.

Kwa hiyo kila picha tunaiandikia: waliomo, kuanzia kushoto kwenda kulia, mstari wa mbele kwanza, mahali, mwaka au makadirio, aliyepiga, kama anajulikana, aliyetupatia, na aliyetutajia majina. Hilo la mwisho ni muhimu. Kesho akitokea mtu akasema "huyo siyo mjomba wangu, ni ndugu yake", tujue pa kurudi kuuliza.

Na faili lenyewe tunalipa jina linaloeleweka, mwaka kwanza, kisha mahali, kisha namba. IMG_4471 haimwambii mtu chochote.

Sijui picha yangu ni ya mwaka gani. Nifanyeje?

Usikisie mwaka mmoja kwa uhakika usio nao. Tafuta ukuta wa mbele na wa nyuma, yaani haikupigwa kabla ya mwaka fulani na haikupigwa baada ya mwaka fulani, kisha uandike hivyo: "kati ya 1961 na 1967".

Mwulize mtu kwa matukio, usimwulize kwa tarehe. "Bibi, mwaka gani huu?" atakujibu "aa, zamani sana mwanangu". Lakini mwulize: "Bibi, hapa tulikuwa tumeshapata uhuru? Mzee wako alikuwa ameshaenda Vita vya Kagera? Wa kwanza wako alikuwa ameshazaliwa?" Ataanza kuhesabu kwa vidole na atakupeleka mbali. Uhuru ni Desemba 1961, Azimio la Arusha ni Februari 1967, Operesheni Vijiji ni miaka ya katikati ya sabini, Kagera ni 1978 hadi 1979, na mvua za El Niño ni 1997 kuingia 1998. Hiyo ni misumari ya kutosha kutundikia maisha ya mtu mzima.

Vitu vilivyomo pichani navyo vinasema. Noti ikionekana, kumbuka shilingi ya Tanzania ilichukua nafasi ya ile ya Afrika Mashariki mwaka 1966. Kama nyuma ya picha pana muhuri wa studio ya Tanga, mtu wa Tanga mwenye umri mkubwa anaweza kukwambia studio ile ilifungwa lini. Angalia magari, mabango ya dukani, sare za shule, umri wa mnazi unaoujua.

Barua zilizoandikwa tarehe ya Kiislamu zinahitaji uangalifu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Kizungu kwa siku 11 hivi, kwa hiyo huwezi kujumlisha namba moja ile ile kwa miaka yote. Mwaka 1307, kwa mfano, ambao ndio uliowekwa kwenye utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima, pwani yetu hii, ulianza mwishoni mwa Agosti 1889 na kumalizikia 1890. Andika tarehe zote mbili, ya barua kama ilivyo na ya Kizungu uliyoihesabu.

Nataka kumrekodi babu. Nianzie wapi?

Anza kwa kumtembelea bila simu. Mpe shikamoo, kaa, sikiliza, mwambie unachotaka na sauti yake itakwenda wapi. Wazee wengi wanakubali mara moja, lakini wapo wanaotaka kwanza kumwuliza mkubwa wa ukoo, na hilo ni haki yao.

Siku ya kurekodi zima feni, sogeza kuku, weka simu kwenye hali ya ndege ili isilie katikati ya neno. Ilaze juu ya kitambaa, karibu na msemaji kuliko wewe. Jaribu dakika moja, usikilize, ndipo uanze. Mwanzoni sema kwa sauti tarehe, mahali na majina yenu, kisha umwulize ukiwa tayari unarekodi: "Babu, unaridhia mazungumzo haya yawekwe mtandaoni watu wayasikie?" Jibu lake likiwa ndani ya sauti, hakuna atakayebishana baadaye.

Maswali makubwa huua mazungumzo. Ukimwambia "nieleze historia ya Pangani", atakupa ile aliyoisikia redioni. Mwulize madogo: Maji mlichota wapi? Nani alikuwa na redio ya kwanza mtaani? Kuvuka kwenda Bweni kabla ya pantoni mlivuka na nani, na mlilipa nini? Korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ikipiga king'ora asubuhi, mama alikuwa anafanya nini? Mashua ya kwenda Unguja iling'oa nanga saa ngapi, na ilibeba nini? Halafu nyamaza. Mzee akikaa kimya, usimkimbilie na swali jingine. Mara nyingi jambo kubwa linakuja baada ya kimya hicho.

Wazee wawili waliokua pamoja wanafaa kuliko mmoja, kwa sababu wanasahihishana na kukumbushana. Sauti mbili zikipandiana utapata tabu kuandika baadaye, lakini tabu hiyo inalipa.

Usisubiri hadi mtu augue.

Kisiwa cha Maziwe kinahusiana nini na historia ya mji?

Kinahusiana sana. Vijana wa leo wanakijua Maziwe kama fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linazama. Wavuvi wazee wanakijua kikiwa na miti, na kasa wakipanda kutaga. Kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na haukupita muda mrefu miti ikaisha na mchanga ukaanza kuliwa na bahari. Wataalamu wana maelezo yao, lakini waliolala pale usiku wakingoja maji, walioona mti wa mwisho ukianguka, wengi wako Pangani, Ushongo na Kigombe, na umri umekwenda. Kama baba yako ni mmoja wao, soma tena jibu lililotangulia na umwendee wiki hii.

Je, mnaandika habari za utumwa?

Ndiyo. Pangani ilikuwa bandari ya misafara, na watumwa walipita hapa; wengine hawakupita, walibaki kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kando ya mto. Mji unaoficha hilo unaacha watu wake wengi bila asili.

Ila tuna masharti. Katika mji mdogo watu wanajuana, na bado kuna anayeweza kumtukana mwenzake kwa ukoo wake, au kukataa posa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo hatuchapishi habari kwamba familia fulani iliyo hai ina asili ya utumwa, au ilimiliki watumwa, mpaka wenyewe waseme na waridhie kwa majina yao. Anayeridhia, tunamwandika kwa heshima yote. Asiyeridhia, sauti yake tunaihifadhi ikiwa imefungwa kwa muda atakaoutaja mwenyewe, na hatumpi mtu. Jirani hawezi kumsemea jirani katika jambo hili. Tumeletewa masimulizi mazuri sana ya namna hiyo, na tumeyakataa.

Nina karatasi za babu zimeandikwa kwa khati za Kiarabu. Hakuna anayeweza kuzisoma nyumbani.

Usizitupe, usizichome, na usiseme "ni Kurani tu" kabla mtu hajazisoma. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne kadhaa. Inaweza kuwa barua, tenzi, hesabu ya deni, wasia, mauzo ya minazi.

Usizitie plastiki ya moto kama kitambulisho, usizibandike selotepu, usizikunjue kwa nguvu mahali zilipokauka. Ziweke kwenye bahasha za karatasi, ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu, mbali na ukuta wenye unyevu. Mifuko ya nailoni kwenye joto la pwani inatoa jasho na kuleta ukungu. Mchwa wachunguze kila msimu wa mvua. Kisha tupige picha ya kila ukurasa, na tutafute msomaji.

Mfano tunaoufuata ni wa Lamu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa British Library unaoshughulikia nyaraka zilizo hatarini. Miswada yenyewe haikuondoka Lamu. Nakala ndizo zilizokwenda, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Hati za mashamba na viwanja ni jambo jingine. Tunazihifadhi lakini hatuzionyeshi zote hadharani, kwa sababu mipaka ya shamba ikisomeka mtandaoni kuna atakayeipeleka mahakamani. Tunaonyesha mwandiko, mashahidi na mwaka, na kuficha yaliyobaki. Wala usije kwetu kutafuta ushahidi wa kesi ya ardhi.

Kuna picha ya marehemu bibi yangu mtandaoni na sikuridhia. Mnaitoa?

Tunaitoa siku ile ile, kisha ndipo tunazungumza. Huhitaji kutoa sababu.

Picha za wanawake tunazichuja zaidi. Zile zilizopigwa ndani wakati wa shughuli za wanawake, vichwa wazi, baina yao, zilikuwa za macho yao. Aliyetupatia anaweza kuwa mjukuu mwenye nia njema, lakini bibi aliyemo pichani kama yu hai ndiye mwenye neno. Ya unyago hatuchapishi kabisa, hata ikiletwa na kungwi mwenyewe. Tunaweza kuirekodi kwa ajili ya wanawake wa mji, kama wakitaka, na ikakaa kwao.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamlinda mtu aliye hai dhidi ya taarifa zake kusambazwa ovyo. Sisi tungefanya hivi hata isingekuwepo.

Picha ninayo mimi. Kwa hiyo hakimiliki ni yangu?

Siyo lazima. Karatasi ni yako. Haki ya kazi kwa kawaida ni ya aliyepiga au warithi wake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haki ya mtunzi inadumu uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Picha za nyumbani hazina matatizo mengi. Za studio tunamtafuta mwenye studio au watoto wake, na tunataja jina lake chini ya picha hata pale ambapo muda umepita.

Kama unataka kufungua tovuti yako mwenyewe ya mji wako, pita kwanza TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, uulize kama unahitaji leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018 na zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo usitegemee ulichosikia zamani.

Tuna kundi la WhatsApp lenye picha nyingi za zamani. Halitoshi?

Kwa kutambua watu halina mpinzani. Picha ikiwekwa usiku, asubuhi ina majina matano na ugomvi mmoja. Kwa kuhifadhi halifai hata kidogo: simu ikiibiwa, memori kadi ikifa, msimamizi akigombana na wenzake, kila kitu kimekwenda. Kurasa za Facebook nazo zimekuwa zikifungwa na mwenye nywila akifariki hakuna wa kuifungua.

Utaratibu tunaoupendekeza kwa kundi lolote ni kuteua mtu mmoja, mtulivu, ambaye kila Ijumaa anahamisha picha za wiki ile pamoja na maneno yaliyosemwa chini yake. Maneno hayo mara nyingi yana thamani kuliko picha.

Ninyi wenyewe mnahifadhi vipi? Mkifa je?

Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iko nje ya Pangani. Diski tunazijaribu kila mwaka na kuzibadilisha kabla hazijachoka. Kila ukurasa mpya tunauombea nakala kwenye hifadhi ya Internet Archive, ili jina la tovuti yetu likikosa kulipiwa mwaka mmoja, yaliyomo yasipotee. Picha ambazo wenyewe wameridhia zitumiwe na yeyote tunazipeleka Wikimedia Commons, na kutoka huko zinaingia kwenye makala za Wikipedia ya Kiswahili. Nywila ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti.

Na tunachapa karatasi. Kijitabu cha picha na majina yake kikikaa shuleni au kwenye baraza la mtaa, mzee asiye na simu janja anaweza kukifungua na kusema "hapa mmekosea".

Masimulizi mawili yanapingana. Mnachagua lipi?

Hatuchagui, tunayaweka yote mawili na majina ya wasimulizi. Habari za Abushiri zinafika kwetu kwa njia tofauti kabisa: kwa mmoja ni shujaa wa pwani nzima, kwa mwingine ni mwenye shamba la miwa na watumwa aliyekuwa akilinda mali yake. Hayo yote yana msingi. Penye hati, kama tarehe ya kunyongwa kwake, tunasema kilichoandikwa ni hiki na kimeandikwa na nani. Hati za Kijerumani ziliandikwa na washindi, nazo tunazisoma tukikumbuka hivyo.

Naweza kuipaka picha rangi kwa akili mnemba?

Kwenye simu yako, fanya upendavyo. Kwetu haipandi. Programu haijui kanga ile ilikuwa ya rangi gani, inabuni. Inabuni hata macho na meno pale picha ilipofifia, na mjukuu atakua akiamini ile ndiyo sura ya bibi yake. Kama bado mnataka, iandikwe juu ya picha yenyewe kwamba imepakwa, na ya asili iwe kando yake.

Nimeokota vigae na shanga ufukweni. Niwaletee?

Hapana. Piga picha vikiwa pale pale, weka sarafu kando kuonyesha ukubwa, viache, na utoe taarifa kwa ofisi ya utamaduni ya wilaya. Kuchimba bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mahali hasa pa magofu na makaburi ya kale yasiyolindwa hatupaandiki mtandaoni.

Mnalipa?

Hatulipi wala hatutozi.

Daraja linajengwa na barabara inapita. Tufanye nini sasa?

Piga picha vitu vya kawaida. Foleni ya kivuko, wauza samaki wanaosubiri abiria, mitumbwi ya kuvusha, nyumba zilizowekwa alama ya X, miembe itakayokatwa. Piga mtaa mzima nyumba kwa nyumba, pande zote mbili, na uandike nani anaishi wapi. Rekodi sauti ya makondakta wa pantoni. Mambo haya hakuna anayeyathamini yakiwa mbele ya macho, na hakuna anayeyapata yakishaondoka.

Siishi Pangani. Naweza kusaidia?

Sana. Aliye Dar es Salaam anaweza kwenda kwenye Nyaraka za Taifa kusoma vitabu vya wilaya vilivyoachwa na maofisa wa Kiingereza, na mafaili ya enzi ya Mjerumani. Aliye Ujerumani na anayejua mwandiko wao wa zamani ni hazina kwetu, kwa sababu mafaili ya wizara yao ya makoloni yako Berlin na hatuna wa kuyasoma. Aliye Maskati aulize ndugu zake: familia zilizoondoka pwani hii ziliondoka na albamu, na baadhi ya picha za mji wetu huenda hazipo Pangani tena. Wasomaji wa khati za Kiarabu tunawahitaji popote walipo. Ukurasa mmoja kwa wiki unatosha.

Ukianza, anza na nyumba yenu: picha moja, waliomo kutoka kushoto kwenda kulia, na jina la aliyekutajia.